Chungu Chenye Kitovu

Udongo ulikuwa umenifika kwapani. Mkono wa kushoto ulibaki juu. Wa kulia ulikuwa chini pamoja na kiuno na miguu. Nikitoa pumzi, udongo unakaza. Nikitaka kuivuta tena, nafasi imepungua. Juu yangu palikuwa na kipande cha anga, kidogo kama sinia, na pembeni mwa sinia hiyo vichwa vya majirani zetu. Majembe yao niliyaona, kwa sababu walikuwa wameyaweka mabegani. Hakuna jembe hata moja lililoshuka.

"Yu hai," mmoja alisema. "Namwona anapepesa macho."

"Basi tungoje," akasema mwingine.

Tungoje. Mimi nimezikwa mzima, na watu saba wenye majembe wanasema tungoje.

Mkono wangu uliofukiwa ulikuwa umeshika chungu. Kilikuwa kimelala kifudifudi, na katika kitako chake palikuwa na kishimo kidogo, alama ya mtu aliyebonyeza udongo ungali mbichi. Dole gumba langu lilikuwa limeingia humo. Sikuweza kulitoa, na baada ya muda sikutaka kulitoa. Kidole cha yule mfinyanzi kilikuwa sawasawa na changu. Nilisema moyoni, huyu naye yumo humu, tumefungwa wawili.

Sasa nirudi nyuma, nieleze nilivyofika humo shimoni. Sina elimu ya kupanga maneno. Nilisoma kwa misheni madarasa mawili, mpaka nikaweza kusoma katekisimu na kupata kipaimara, basi. Majina ya watu sitayaandika, maana watoto wao tunasali nao. Lakini mwenye kosa nitamtaja kwa cheo chake, na wenye kosa ni watatu: mkungu, baba yangu, na majirani. Wa mwisho kwa kosa ni majirani. Wa kwanza ni mkungu.

Msomaji wa pwani atacheka. Kwake mkungu ni wa ndizi. Kwetu sisi ni mkuu wa kijiji, mtu wa mwami, mtawala wetu, aliyempa fimbo, nao Waingereza wakaikubali kwa kuwa iliwapunguzia kazi. Mkungu wa ndizi huliwa na watu. Huyu wetu alikula watu.

Tulikaa upande wa Muleba, kwenye kilima ambacho ukisimama mwisho wake unaona ziwa. Kibanja chetu kilikuwa na migomba ya zamani, mibuni chini yake, na nyumba ya msonge aliyoijenga babu. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na mchumba wangu alishaposwa kijiji cha Kitendaguro. Ndipo mkungu alipokuja asubuhi moja, akatafuna buni tulizompa, akatema maganda, akasema, "Kibanja hiki ni nyarubanja."

Nyarubanja maana yake ni ardhi ambayo bwana mmoja wa ukoo mkubwa anaitwa mwenyewe, na wewe uliyezaliwa humo unaitwa mtu wake. Unampelekea pombe yake, unamfanyia kazi yake, na akikuchoka anakuondoa.

Baba alimjibu kwa heshima, "Waitu, sisi hatujawahi kuwa watu wa mtu. Babu yangu alifyeka msitu hapa."

"Nani alimwona akifyeka?"

"Waliomwona wamekufa."

"Basi na ushahidi umekufa," mkungu akasema, akanyoosha mkono aongezewe buni.

Baba yangu alikuwa mtu wa kujibu haraka. Ulimi wake ndio ulionipeleka shimoni. Alisema, "Wamekufa watu, vyungu havijafa. Vyungu vya wazee wangu vimo chini ya ardhi hii. Chungu hakisemi uongo."

Mkungu alicheka mpaka buni zikamtoka mdomoni. "Mlete shahidi wako barazani basi. Na awe na mdomo!"

Katika ukoo wetu chungu cha mwenye nyumba hakirithiwi. Akifa, kile chungu chake cha maji ya kunywa, ambacho hakuna mwingine aliyekinywea, kinafukiwa kifudifudi nyuma ya nyumba, mahali pamoja siku zote. Baba alikifukia cha baba yake kwa mikono yake. Aliambiwa na huyo baba yake kwamba cha babu wa baba kiko chini zaidi, na cha baba wa huyo babu chini zaidi tena. Kwa hiyo alichosema hakikuwa uongo. Ardhi ile ilikuwa daftari letu, ila kusoma kwake ni kuchimba.

Mkungu alilijua hilo. Siku ya pili akaja na fimbo iliyofungwa jani kavu la mgomba, akaichomeka mlangoni kwa kibanja, watu wakiona. Hiyo ndiyo alama ya shauri. Ikisimama, ardhi imefungwa. Akatamka, "Jembe lisiguse ardhi hii mpaka baraza likae. Atakayetia jembe humu, awe mwenyewe awe jirani, amejipokonya kibanja chake." Na fimbo ya namna hiyo haing'olewi ila na mkono ulioichomeka.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Wenzetu wote wanapanda maharage chini ya migomba, sisi tumekaa mlangoni tunatazama magugu. Mama aliyaweka maharage ya mbegu kwenye kibuyu, akawa anakitikisa kila asubuhi, asikie kama yamo bado. Tulikuwa wafungwa ndani ya shamba letu wenyewe, na hakuna aliyetufunga kamba.

Baraza lilikuwa bado juma moja. Baba akaniita.

"Alikataza nini yule?"

"Jembe."

"Alikataza mkono?"

"Hapana, taata."

"Alikataza mti?"

"Hapana."

"Basi."

Utacheka, lakini kwetu neno la mkubwa linashikwa jinsi lilivyotamkwa, kama mtu anavyoshika yai. Lilivyotoka mdomoni ndivyo lilivyo. Baba alichonga mti ncha, akanipa nusu ya kibuyu cha kutekea udongo, na kapu lenye kamba ya mgomba la kupandishia. Hatukugusa jembe. Mtu mwenye jembe huchimba shimo pana, hukata ngazi pembeni, huegemeza kuta. Mtu mwenye mti na nusu ya kibuyu huchimba tundu, apite yeye tu.

Siku ya kwanza, kina cha mkono, tulikipata chungu cha babu yangu. Kilikuwa kifudifudi kama kilivyolazwa, kizima, shingoni kimezungushwa alama za kamba kama vyungu vyote vya kwetu. Baba alikipangusa kwa kiganja, akakipandisha mwenyewe, akakiweka chini ya mbuni. Nilimwona akikinusa.

Hapo ndipo angetosheka. Chungu kile kilikuwa kimebanduka ukingoni, na baba alikumbuka siku kilipobanduka, na mzee mmoja wa kijiji cha pili, aliyekuwa hai bado, alikumbuka pia. Kilikuwa shahidi mwenye mdomo, kama mkungu alivyotaka. Lakini baba akasema, "Cha baba yangu wataniambia ni cha juzi. Shuka. Cha wale wa kwanza ndicho kitakachomziba."

Nikashuka siku tatu. Sikumkatalia. Nani alimkatalia baba yake siku zile? Cha babu wa baba tulikikuta kimesagika, vigae visivyoshikamana. Chini yake udongo ukabadilika rangi, ukawa mwekundu uliokoza, una vipande vya makaa na mawe meusi mazito kama mavi ya chuma kwa mhunzi. Nilimwambia baba, "Hapa chini pamebadilika. Tuache."

"Endelea kidogo."

Usiku wa siku ya tatu mvua ilinyesha. Asubuhi niliposhuka kuta zilikuwa zinatoa jasho. Nilichokonoa pembeni kwa mti, nikagusa kitu laini, nikaingiza mkono kukipapasa. Nilikigusa kitako. Nilipaza sauti, "Taata, kipo!" na hilo neno kipo lilikuwa halijaisha ukuta ulipoanguka.

Baba alinitazama kutoka juu mara moja. Kisha akakimbia. Alikimbilia kwa mkungu, akamwombe aje aing'oe fimbo, majembe yaingie. Nyumba ya mkungu ilikuwa upande wa mashariki. Alikwenda mbio zote, akamkuta mke wake tu.

Mkungu hakuwa huko. Alikuwa upande wa magharibi, vibanja viwili tu kutoka kwetu, ambako orubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva siku hiyo, na watu walikuwa wamekaa kuionja. Hilo baba hakulijua. Mimi nililijua. Udongo una masikio, mtu aliyefukiwa husikia mbali. Nilisikia wanaimba.

Mama alitoka nyumbani, akaona kapu tupu na kamba iliyolala, akachungulia. Hakulia. Aliweka viganja pembeni mwa mdomo, akapiga enduru, ukelele wetu wa hatari.

Niwaeleze enduru, maana kesi yangu yote imo humo. Ikipigwa, kila aliyesikia anatupa alichoshika, anakimbia kuifuata. Mwenye kunyoa anamwacha mteja nusu kichwa. Asiyekuja anahesabiwa na wauaji. Na kwa sababu hiyo, mtu aliyesikia enduru haitwi mara ya pili. Kumfuata na kumwambia "njoo" ni kumtukana kwamba ameisikia akakaa.

Mama alipopiga, wimbo ulikatika.

Nilisikia kwa masikio yangu. Sauti za watu zaidi ya kumi, zikakatika pamoja kama uzi. Kimya. Nikasema moyoni, amesikia, anakuja, nitatoka.

Kisha wimbo ukaanza tena.

Majirani walifika na majembe yao, wakasimama ukingoni, na hapo ndipo tulipoanzia. Mama aliwaambia, "Kateni pembeni hapo, mfungue shimo!"

"Fimbo imesimama, mama."

"Mkungu yuko hapo kwenye orubisi, sauti yake naisikia! Nendeni mmwite!"

"Amesikia enduru. Yuko njiani. Utamwitaje mtu aliyesikia?"

"Yuko njiani anaimba?"

Mama hakuweza kwenda yeye. Akiondoka, nani angebaki na mimi, wale? Aliwaambia, "Wanaume ninyi! Majembe mmeyabeba ya nini, mnakwenda nayo harusini?" Mmoja, mzee wa upande wa juu, akasema kwa upole kabisa, "Mama, nami nina watoto. Nikitia jembe humu, kesho mimi sina kibanja."

Hilo silisahau, na sikuweza kumchukia vizuri kwa neno hilo. Alisema kweli.

Mama alifunga nguo yake kiunoni. "Miguu yangu ilikatazwa?" akauliza.

"Miguu haikukatazwa."

"Basi nishikeni miguu."

Akashuka kichwa chini, wanaume wawili wamemshika vifundo vya miguu, wa tatu amewashika wale wawili. Nusu ya kibuyu ilikuwa imefukiwa pamoja nami. Alianza kwa kucha. Udongo ule ulikuwa mzito wa mvua, kucha hazikufaa kitu. Akapandishwa, akatazama huku na huku, akakiona chungu cha babu chini ya mbuni.

Yule mzee alimwona anakitazama. "Mkwe, usikiguse! Chombo cha baba mkwe hicho!" Kwetu mke hagusi alichokulia wala alichonywea baba wa mumewe, awe hai awe amekufa.

"Aje mwenyewe anizuie," mama akasema.

Akakipiga kwenye jiwe la kusagia. Ule mlio niliusikia huko chini. Akachukua kigae kilichopinda vizuri, akashuka tena kichwa chini, akaanza kunichota.

Alinichota kwa chungu cha babu. Kigae kikivunjika anapewa kingine. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, umejaa damu kwa kuning'inia, na kila mara akiniambia, "Pumua. Pumua kidogo. Usiwe mchoyo." Alifika kifuani, akafika tumboni. Nyonga ya kulia ilikuwa imevunjwa na jiwe moja la yale meusi ya chini, nami nilipovutwa nilipiga kelele ambazo sijawahi kuzipiga tena. Mkono wangu ulitoka na chungu. Sikukiachia. Walinilaza ukingoni, dole gumba limo ndani ya kishimo chake, mama akanibandua kidole kwa kidole.

Mkungu alifika jua likiwa limepita katikati. Alikuwa anafuta midomo. "Kuna nini? Nani kapiga kelele?"

Wale waliosema yuko njiani walitazama chini. Alichungulia shimo, akasema, "Mmechimba palipokatazwa."

Baba alikuwa amerudi, anahema, miguu imejaa matope. "Kwa mikono, waitu. Ulikataza jembe."

"Loo, nyinyi mna akili," mkungu akasema, na kwa mara ya pili akacheka nyumbani kwetu.

Baraza lilipokaa mimi nilibebwa kwa machela. Baba hakuwa na chungu cha babu tena, kilikuwa vigae vya kuzolea udongo. Alikuwa na kile cha chini tu, nacho alikiweka mbele ya wazee kwa mikono miwili. Alisema, "Huyu ndiye wa kwanza kabisa."

Mkungu alikigeuza. Aliona kishimo. Akakiinua juu, watu wote waone kitako.

"Jamani, chungu hiki kina kitovu!"

Watu wakacheka.

"Nani hapa ana chungu chenye kitovu nyumbani kwake? Wafinyanzi wetu wanabonyeza vitovu? Shingoni kina kamba? Hakina. Huyu si mtu wa kwetu. Ndugu yangu, mtu husema kwao ni kule kilikozikwa kitovu chake. Kitovu kimezikwa hapa kweli, lakini si cha babu yako! Umetuletea shahidi anayekufukuza."

Walicheka tena, na wakakata shauri. Kibanja ni nyarubanja, nasi tumo humo kwa hisani. Chungu mkungu alikichukua, alisema ushahidi hukaa na baraza.

Hoja ya kumjibu ilinijia miaka kumi baadaye, nikiwa nimekaa kwenye biashara yangu. Kama wenye chungu kile si sisi, si mkungu pia, wala si huyo bwana wa ukoo mkubwa, wala si mwami mwenyewe. Wote tulikuta kitovu cha mtu mwingine. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba vyungu vya namna hiyo ni vya wahunzi wa kale sana, kabla ya koo zote zinazojitapa. Barazani palikuwa na wazee tisa, na hakuna aliyesema neno hilo. Labda hawakulijua. Labda walilijua.

Hatukukaa sana. Misimu michache ikapita, tukaambiwa bwana anakihitaji kibanja. Akawekwa humo mtu mwingine, mpole, mchapakazi, mtoto wa mkungu. Ndipo nikaelewa fimbo ilichomekwa kwa ajili ya nani. Baba alikufa kwenye ardhi ya kuazima, na chungu chake cha maji hatukukifukia, kwa sababu hatukuwa na mahali pa kukifukia. Ninacho mimi, hapa Ijuganyondo. Mchumba wa Kitendaguro aliolewa na mwenye nyonga nzima. Kuhusu shimo baba hakusema neno, ila siku moja, akiwa mgonjwa, alimwambia mama, "Kile kilichobanduka ukingoni kilitosha." Mama akamjibu, "Kilitosha. Kilimtoa mtoto."

Mimi nauza vyungu na vibuyu sokoni Bukoba. Kazi ya kukaa, inamfaa kilema. Kila chungu kinachofika nakigeuza kwanza kitako, wenzangu wa sokoni wananitania, "Unatafuta nini huko, makalio?" Sijaona chenye kitovu hata kimoja.

Waingereza wameondoka. Sheria imeifuta nyarubanja, na nilifurahi, nusu ya siku. Kisha nikaelezwa kwamba ardhi inakuwa ya yule aliyemo. Na aliyemo ni mtoto wa mkungu. Sheria ile mbaya ilitufunga nje, na sheria hii nzuri imetia komeo.

Mwaka jana nilikwenda kule kwa mazishi ya yule mzee wa upande wa juu. Nilipita mlangoni kwa kibanja chetu. Chungu chenye kitovu kipo chini ya mbuni, kuku wanakinywea maji. Na mkungu nilimwona kanisani, amekaa benchi la mbele, mzee wa heshima, watu wanampisha njia. Nilimpa mkono, akaniuliza, "Nyonga inaendeleaje?" Kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Watu wananiambia yamepita. Yamepita kwa nani? Kibanja sikidai, najua sheria imekifunga. Chungu kile ningekitaka, lakini hata hicho ningewaachia kuku.

Ninachodai ni jibu, na nalidai kwa maandishi ili mkungu asije akasema tena kwamba sauti haikumfikia. Barazani uliulizwa, mzee, ukasema hukusikia enduru. Mimi nilikuwa chini ya ardhi, na wimbo ulikatika. Watu hawakatishi wimbo kwa kitu wasichokisikia. Mlinyamaza wote, na kwetu hakuna anayefungua mdomo kabla ya mkubwa wa kikao.

Simama hapo kanisani mbele ya benchi lako, ujibu. Nani aliuanzisha tena?